Kulinda ofisi ndogo: pima dakika kabla ya kununua kufuli

Maswali ni yale yale kila mara: tununue kamera zipi? Mlinzi mmoja anatosha? Tuweke waya wa umeme juu ya ukuta? Wengi wanaouliza wameshatoa fedha dukani kabla hawajazunguka jengo lao hata mara moja usiku. Mwongozo huu unaanza na mzunguko huo. Umeandikwa kwa ajili ya shirika dogo lililopanga nyumba ya chini yenye uzio: chama cha akiba na mikopo, zahanati, ofisi ya shule, shirika la kijamii. Watu 5 hadi 40, kompyuta kadhaa, fedha kidogo za matumizi, jenereta au betri za sola, na mlinzi wa usiku.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Kufuli, nondo na ukuta havimzuii mwizi, vinamchelewesha. Kazi yako ni kuhakikisha kwamba dakika anazocheleweshwa baada ya kugundulika ni nyingi kuliko dakika ambazo msaada unahitaji kufika. Na katika kumchelewesha yeye, usimfungie ndani mfanyakazi wako siku ya moto.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Futi ya kupimia ya mita 5, tochi, bisibisi, karatasi na penseli.
- Mtu wa pili. Mmoja anapima, mwingine anaandika, na usiku hamzunguki peke yenu bila mlinzi kujua.
- Mkataba wa pango. Soma kama unaruhusiwa kuchomelea nondo na kutoboa kuta. Kama hausemi, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.
- Orodha ya kila mwenye ufunguo, pamoja na walioacha kazi.
- Namba za simu: kituo cha polisi cha karibu, mwenyekiti wa mtaa au mzee wa Nyumba Kumi, kampuni ya ulinzi, majirani wawili. Za dharura Tanzania ni 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto. Kenya ni 999 au 112. Namba ya moja kwa moja ya kituo chenu iulize kaunta ya kituo chenyewe, kisha uipige siku hiyo hiyo uone kama inapokewa.
- Nusu siku ya mchana, na saa mbili za usiku kati ya saa 7 na saa 9.

Hatua kwa hatua

1. Chora kiwanja

Chora kwa mkono, bila urembo. Weka alama kwenye geti, milango yote, madirisha, swichi kuu ya umeme, tangi la maji, miti iliyo karibu na ukuta, na paa la jirani kama limegusana na lenu. Pembeni andika vitu vitano ambavyo vikipotea usiku wa leo kazi itasimama kesho. Usiandike bei, andika siku za kazi zitakazopotea. Ukifanya hivyo utakuta kompyuta mpakato ya mhasibu, au kabati la mafaili ya wagonjwa, ina uzito kuliko televisheni ya mapokezi ambayo kila mtu huifikiria kwanza.

2. Pima dakika

Kubaliana na kampuni ya ulinzi mfanye jaribio usiku mmoja bila kuwaambia vijana wa zamu. Bonyeza kitufe cha dharura, washa saa, subiri gari. Chukua mfano huu: simu dakika 2, gari dakika 15. Jumla ni 17. Hiyo ndiyo namba yenu.

Sasa fuata njia ya mwizi kwenye mchoro na uhesabu vizuizi anavyovikuta baada ya kugundulika. Kama kihisi (kifaa kinachogundua mtu akipita) pekee mlicho nacho kiko ndani ya chumba cha mhasibu, king'ora kitalia mwizi akiwa tayari mezani, na dakika zote alizotumia ukutani na mlangoni hazikuhesabiwa. Una njia tatu: kusogeza ugunduzi nje zaidi, kuleta msaada karibu zaidi, au kuongeza vizuizi kati ya kihisi na vitu vyenyewe. Ya kwanza ndiyo nafuu kuliko zote. Kihisi kimoja cha veranda kinaweza kukupa dakika ambazo mlango mpya wa chuma usingekupa.

3. Acha njia ya kutokea kabla ya kuongeza chuma

Hatua hii imetangulia nondo kwa makusudi. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari Kyanguli, Machakos, Kenya, wanafunzi 67 walikufa bwenini moto ulipowaka usiku. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma.

- Jengo liwe na milango miwili ya kutokea, iliyo mbali mmoja na mwingine.
- Watu wakiwa ndani, milango hiyo ifunguke kwa ndani bila kutafuta ufunguo. Kufuli la nje likiwa limening'inizwa mchana, libanwe kwenye pete yake huku komeo likiwa wazi, ili asitokee mtu wa kuufunga mlango kwa nje.
- Kila chumba wanachokaa watu, dirisha moja liwe na nondo za bawaba zenye upenyo usiopungua sentimita 50 kwa 70. Komeo lake likae ndani, na uzungushie kipande cha bati nene ili mkono kutoka nje usilifikie.
- Ng'oa kila rundo la viti vibovu na maboksi lililowekwa mbele ya mlango wa nyuma. Lipo karibu katika kila ofisi.

4. Milango

Anza na mlango wa nyuma. Ule wa mbele umeshapendezeshwa. Wa jikoni ndio unaovunjwa.

Chukua bisibisi, fungua skrubu moja ya kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa, uipime. Mara nyingi ina milimita 20 hivi. Imeshika mbao nyembamba ya fremu na si kingine, kwa hiyo teke moja linapasua mbao na kitasa kinabaki kizima, kimefungwa vizuri, kwenye mlango ulio wazi. Weka skrubu za milimita 75 zipite fremu ziingie ukutani. Hakuna matengenezo ya bei ndogo yanayoshinda haya.

Kisha angalia, kwa mpangilio huu:

- Ubao. Gonga kwa kidole. Ukisikia mlio mtupu, huo ni mlango wa karatasi ngumu ndani. Weka mbao nzima ya milimita 44 au mlango wa chuma.
- Fremu. Isukume kwa bega. Ikicheza, ifungwe ukutani kwa bolti tatu kila upande.
- Kitasa. Vitasa vya leva (visahani vya ndani vinavyoinuliwa na ufunguo) 2 au 3 vina aina chache za funguo, na ufunguo wa ofisi ya jirani unaweza kufungua yenu. Chukua cha leva 5. Kama ni cha silinda, silinda isichomoze zaidi ya milimita 3 nje ya kibati, maana iliyochomoza hukamatwa kwa koleo na kukatwa.
- Bawaba. Mlango unaofunguka kwa nje una pini zinazoonekana; mtu anazigonga, anatoa mlango upande wa bawaba. Mwambie fundi azichomelee ncha.
- Komeo la kufuli. Likiwa limeshikwa kwa skrubu zinazoonekana, kufuli lako la bei kubwa halina maana. Tumia bolti zinazopenya mlango mzima, nati ikae ndani.
- Kufuli. Tafuta lenye shingo iliyofichwa ndani ya mwili wake, ili mkasi wa chuma usipate pa kuuma.

5. Madirisha, na dari inayosahaulika

Nondo ziwe za milimita 12 au bapa nene, zisiachane zaidi ya sentimita 12, na ncha zake zizame ndani ya ukuta. Nondo zilizopigwa skrubu kwenye fremu ya aluminiamu zinang'oka na fremu yake. Pwani, kuanzia Mombasa na Unguja hadi Dar es Salaam na Mtwara, chumvi inakula chuma kutoka kwenye maungio: kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na kila mwaka gonga kila ungio kwa nyundo ndogo.

Sasa panda ngazi, fungua dari, mulika tochi. Katika nyumba nyingi kuta za ndani zinaishia kwenye dari na hazifiki kwenye mabati. Maana yake ni kwamba mtu akiondoa bati moja juu ya choo, au akiingia kwa mpangaji mwenzenu upande wa pili, anatambaa juu ya kuta zenu zote na kushukia chumba anachokitaka. Chumba chenye sefu na mafaili, malizia ukuta wake kwa tofali hadi kwenye bati. Kama mwenye nyumba hakubali, tandaza wavu wa chuma juu ya dari ya chumba hicho na uufunge kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa.

6. Uzio, geti na taa

Ukuta mrefu unaoficha kila kitu unamficha na mwizi aliyekwisha kuruka. Kama unaweza kuchagua, uzio unaoonekana ndani ni bora upande wa barabara. Maua yasipite urefu wa sentimita 60 hadi 90 na matawi ya miti yaanzie mita 2, ili katikati pabaki wazi kwa macho. Mti ulioinamia ukuta ni ngazi, ukateni. Pipa na matofali yaliyopangwa ukutani, vivyo hivyo. Waya wa umeme unafaa kama kuna mtu wa kufyeka majani yanayougusa. Bila mtu huyo, msinunue.

Taa zielekee nje ya jengo, zimulike ukuta na geti, zisimpige mlinzi usoni. Kibanda chake kisiwe na taa kali ndani: aliyekaa penye mwanga haoni penye giza. Saa 8 usiku zunguka na karatasi na uweke alama kila mahali ambapo huwezi kumtambua mwenzako akiwa mita 10.

Magari ya wageni yasiegeshwe chini ya madirisha. Na wafundishe watu jambo lililoonekana kwa uchungu Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, kwenye shambulio la ubalozi wa Marekani: wengi walikimbilia madirishani kutazama baada ya kusikia mlio wa kwanza, bomu lilipolipuka vioo vikawapiga usoni. Ukisikia mlipuko au risasi, lala chini, tambaa uende mbali na kioo.

7. Funguo

Andika daftari: namba ya ufunguo, nani anao, tarehe aliyochukua, sahihi. Kwenye kibao cha ufunguo andika namba tu. "Stoo" au jina la ofisi likiandikwa, aliyeuokota barabarani ameshapewa maelekezo. Mtu akiacha kazi, ufunguo unarudi kabla ya hundi ya mwisho. Usiporudi, badilisha silinda siku hiyo hiyo. Mlinzi wa nje asiwe na funguo za vyumba vya ndani. Hamlindi yeye wala mali mkimpa, maana mwenye funguo ndiye wa kwanza kutekwa.

8. Mlinzi na wageni

Mlinzi anahitaji tochi, filimbi, simu yenye salio, kitufe cha dharura, koti la mvua, choo na maji ya kunywa. Zamu ya saa 12 bila choo inamfanya aondoke getini, na wanaomchungulia wanajua saa anayoondoka. Mpe maagizo ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yanayosema afanye nini na ampigie nani. Kazi yake ni kuona na kuita. Asipambane na watu wenye silaha. Azunguke kwa nyakati zisizofanana, aandike kila mzunguko kwenye daftari la matukio.

Wageni waandikwe jina, wanayemwona, saa ya kuingia na ya kutoka. Kitambulisho kitazamwe, namba iandikwe, kirudishwe. Mwenyeji aje mwenyewe mapokezi kumchukua. Akija "fundi wa umeme" au "kijana wa intaneti" asiyetarajiwa, msipige namba anayowapa yeye. Pigeni ile mliyo nayo kwenye mkataba, naye asubiri nje ya geti. Kwa mtu wa kweli dakika tano hazina neno.

9. Kengele, kisha kamera

Mpangilio ndio huo. Kamera peke yake inakuonyesha asubuhi jinsi ulivyoibiwa.

Kihisi mwendo kifungwe kwenye kona, mita 2.1 hadi 2.4 kutoka sakafuni, kisitazame dirisha la jua wala kiyoyozi. Ziba matundu ya waya nyuma yake kwa silikoni. Kifaa kinachopiga simu kiwe na laini iliyosajiliwa kwa jina la shirika, na mtu mmoja awe na zamu ya kuangalia salio kila Jumatatu. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na mtandao, nanyi mtajua siku ya wizi.

Kwa kamera, jibu kwanza: unataka kumtambua mtu au kuona tu kwamba kuna mtu? Kutambua sura kunahitaji kama pikseli (nukta zinazounda picha) 250 kwa kila mita ya upana wa eneo. Kamera yenye upana wa pikseli 1920 basi inatambua eneo la mita 7.6, isizidi. Moja iliyofungwa juu ya paa kutazama kiwanja kizima itakuletea kofia zinazotembea. Weka moja mlangoni kwa urefu wa mita 2.2 hadi 2.5, imkabili anayeingia, isitazame jua.

Hesabu ya diski: kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde (kipimo cha wingi wa data ya picha) hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera 4 kwa siku 30 ni terabaiti 2.6 hivi, kwa hiyo nunua diski ya terabaiti 4. Umeme: mashine ya kurekodia na kamera 4 zinaweza kula wati 55. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakufikisha karibu saa 9 za giza, ukishatoa umeme unaopotea kwenye inveta.

Mashine ya kurekodia isikae mapokezi chini ya televisheni, maana mwizi anaondoka nayo. Ifungie kwenye kabati la chuma lenye matundu ya hewa, chumba kingine. Badilisha nenosiri la kiwandani, rekebisha saa, na ubandike tangazo kwamba kuna kamera: Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Chooni na vyumba vya kubadilishia nguo, kamwe.

10. Vifaa, fedha na moto

Chonga jina la shirika kwenye kila kompyuta na uandike namba yake ya kiwandani kwenye orodha inayotunzwa nje ya ofisi. Sefu ndogo ibanwe kwenye zege kwa bolti nne za milimita 12. Isiyobanwa inabebwa na watu wawili ikafunguliwe kwao. Betri na jenereta viwe ndani ya kizimba cha nondo, chenye hewa. Fedha za usiku zipunguzwe hadi kiasi ambacho hakuna wa kuumizwa kwa ajili yake, na wote wajue: akija mwenye silaha, mpe.

Mtungi wa unga wa kilo 6 karibu na kila mlango wa kutokea, na wa gesi ya kaboni dioksidi (CO2) karibu na mitambo ya umeme. Mshale wa mtungi wa unga uwe kwenye kijani; mitungi yote iangaliwe kila mwezi, ihudumiwe kila mwaka.

11. Jaribu

Mara mbili kwa mwaka, piga kengele ya moto bila kutangaza saa. Hesabu watu mahali pa kukusanyikia kwa kutumia daftari la wageni. Mara moja kwa mwaka rudia jaribio la hatua ya 2.

Mambo yakikwama

*King'ora kinalia usiku bila mtu.* Angalia mijusi. Mjusi akipita juu ya kioo cha kihisi, kihisi kinaona joto kubwa linalotembea. Safisha, ziba matundu, ondoa taa iliyo karibu inayovuta wadudu. Msizime kengele "kwa muda". Mwizi mzoefu huirushia mawe usiku kadhaa akisubiri mchoke.

*Picha ya usiku ni nyeupe yote.* Buibui ametanda mbele ya kamera, na mwanga wa kamera unagonga utando na kurudi. Futa kwa brashi kavu kila wiki. Tatizo likirudi, zima mwanga wa kamera na uweke taa ya pembeni.

*Rekodi ni za siku 9 badala ya 30.* Aliyefunga aliongeza ubora wa picha bila kuongeza diski. Punguza megabiti, au nunua diski. Kila mwezi tafuta tukio la siku 25 zilizopita. Lisipopatikana, mmejua mapema.

*Mlinzi analala.* Kabla ya kumfukuza, uliza amefanya zamu ngapi mfululizo. Wengi wanatoka lindo la mchana kwingine. Andika kwenye mkataba wa kampuni kwamba hapangwi lindo mbili ndani ya saa 24.

*Mlango haufungi vizuri msimu wa mvua.* Mbao imevimba, na watu wameanza kuuacha bila kufunga. Randa ukingo, paka rangi pande zote pamoja na chini, kisha sogeza kibati cha fremu.

*Kufuli limeganda.* Pwani ni chumvi. Usimimine mafuta ya kupikia wala ya injini. Yanashika vumbi na kuwa tope. Pulizia unga wa grafiti, au chonga penseli na kusugua unga wake kwenye meno ya ufunguo, ingiza na kutoa mara kumi. Likikwama tena mwezi huo huo, badilisha, na ufunguo wa zamani ufutwe daftarini.